Filamu ya Harusi Yenye Hadhi ya Sinema: Mwongozo kwa Wapiga Video wa Mtwara na Lindi

Korosho zikianza kulipwa, simu yangu haitulii. Vijana wa Masasi, Nachingwea, Kilwa na hapa Mtwara mjini wanauliza swali lile lile: "Kaka, ninunue kamera gani video zangu zitoke kama sinema?" Nimelijibu mara nyingi kwa simu. Leo naliandika, ili anayeuliza kesho nimpe hii asome.

Kamera uliyonayo huenda inatosha. Video ya harusi yenye bajeti kubwa hutofautiana na ya kawaida kwa mambo mawili. La kwanza ni sauti safi ya watu wenyewe. La pili ni wewe kuwa umeshasimama mahali panapofaa kabla jambo halijatokea. Baba akitetemeka sauti wakati anamwozesha binti yake, hapo ndipo filamu ilipo. Ukikosa sauti ile, hata ukiwa na lenzi ya mamilioni, utaishia kuweka muziki juu ya watu wanaotembea polepole.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kamera mbili za kampuni moja, ili rangi zisigombane. Ya tatu atashika msaidizi wako, utaona hatua ya 8.
- Lenzi ya milimita 35, ya milimita 85, na moja ya kuvuta ya 24-70 yenye f/2.8, yaani inayoingiza mwanga mwingi. Ukiweza kupata moja tu, chukua ya kuvuta.
- Vichujio vya ND, yaani vioo vya giza vinavyopunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi. Kwa jua letu hiki si kitu cha anasa.
- Vinasa sauti vidogo visivyopungua vinne, pamoja na maiki zisizo na waya za kubana kwenye nguo.
- Staendi mbili, gimbali moja (mkono wa kutuliza kamera unapotembea), taa mbili za LED zinazotumia betri.
- Memori kadi za kutosha. Piga hesabu: ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45. Kamera mbili zikifanya kazi saa tano, ni GB 450.
- Hard disk mbili. Si moja.
- Begi linalofungwa vizuri lenye punje za silika, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi.
- Msaidizi mwanamke anayejua kushika kamera. Sababu utaiona hatua ya 7.

Vyote viwe mkononi siku mbili kabla. Usikodi lenzi Dar ukitegemea basi lifike asubuhi ya harusi. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Kilwa, hakuna mzigo uliopita, na hata siku za kawaida basi huharibika.

Hatua ya 1: Kaa na kamati kabla ya kutaja bei

Aliyekupigia simu ni bwana harusi, lakini pesa iko kwa mweka hazina wa kamati. Omba dakika 15 kwenye kikao chao. Waonyeshe filamu moja nzima uliyoitengeneza, siyo vipande kumi vya sekunde tano tano. Halafu uliza: ndoa inafungwa msikitini, nyumbani au kanisani? Nani anaozesha? Ngoma gani inaletwa, matarumbeta au sindimba? Kuna mzee anayesafiri kutoka mbali? Ndani kwa akina mama kamera inaruhusiwa?

Bei ipeleke kwa maandishi: siku ngapi, watu wangapi, utakabidhi nini na lini. Mimi huomba nusu siku ya kutia saini, na kiasi kikubwa cha kilichobaki kabla ya asubuhi ya harusi. Kinachosubiri makabidhiano kiwe kidogo. Kamati ikishavunjwa hakuna wa kumdai. Utabaki kuwasumbua maharusi ambao hawana kitu, na wewe unaonekana mbaya.

*Kosa la kawaida:* kuahidi filamu ya dakika 6 peke yake. Maharusi wataipenda. Lakini mjomba aliyetoa mbuzi na mama mdogo aliyechangisha ukoo mzima wanataka kujiona. Kwa hiyo ahidi vitu viwili toka mwanzo: filamu fupi, na video ndefu ya tukio zima.

Hatua ya 2: Pata ratiba ya kweli

Ratiba iliyochapwa kwenye kadi ni matumaini. Ya kweli anayo shangazi wa bibi harusi, au dada mkubwa anayesimamia nyumba. Mpigie siku tatu kabla: "Shikamoo shangazi, mpambaji anaanza saa ngapi? Anayempaka hina ni nani?" Andika kila kitu, kisha ongeza saa nzima ya kuchelewa kati ya ndoa na ukumbi.

Angalia kalenda pia. Shaabani harusi hurundikana kabla ya Ramadhani, na baada ya Idi zinarudi kwa kasi. Wakristo wengi huepuka Kwaresma. Usichukue kazi mbili Jumamosi moja, moja Lindi na nyingine Mtwara, eti ni kilomita mia na kidogo tu. Kazi ya bei kubwa haivumilii mtu anayetazama saa.

Hatua ya 3: Nenda ukaone eneo, na ujue jua na maji

Hapa wengi hupoteza harusi. Bahari yetu iko mashariki. Ile picha ya maharusi mbele ya jua linalozama baharini huipati ukisimama ufukweni Lindi mjini. Jua letu huzama nchi kavu. Ukitaka jua na bahari pamoja, amka alfajiri: huchomoza kati ya saa 12 kasoro na saa 12 na nusu asubuhi kulingana na mwezi. Mimi huwaomba maharusi asubuhi moja, siku mbili au tatu baada ya harusi. Wameshalala, hawana haraka, na nyuso zimetulia. Picha hizo hushinda zote za siku yenyewe.

Familia za Kiislamu zinazoshika dini hazitaki wawili hao wapigwe pamoja wakiwa wamekumbatiana kabla ya nikahi. Usiwaombe. Asubuhi ya baada ya ndoa inaondoa tatizo lote.

Jioni, mwanga laini hauna subira. Mwezi Juni jua linazama kama saa 12 na dakika 5, na Desemba karibu saa 12 na dakika 40. Rudi nyuma dakika 45, hapo ndipo maharusi wawe tayari mbele yako. Mchana kaa mbali na uwanja wazi. Karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena baada ya tarehe 20 Februari, jua hupita utosini kabisa, na macho ya bibi harusi hugeuka mashimo meusi. Tafuta kivuli cha mwembe, baraza, au mlango wa nyumba ya zamani pale Mikindani.

Maji nayo yana saa zake. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa alasiri, na siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ufukwe unaweza kuwa tope tupu saa hiyo hiyo. Muulize mvuvi wa pale pale. Atakuambia kwa dakika chache jambo ambalo lingekuaibisha mbele ya wateja.

Hatua ya 4: Vibali

Droni inahitaji idhini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na maombi huchukua muda, kwa hiyo anza mapema. Usiirushe karibu na uwanja wa ndege wa Mtwara, bandarini, wala njia ya Msimbati yenye mitambo ya gesi ya Madimba na visima vya Mnazi Bay, bila ruhusa iliyoandikwa. Wala usiipitishe juu ya vichwa vya wageni.

Boma la Wajerumani la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, sasa ni hoteli: ongea na wenyewe. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981. Chukua kibali kwa wanaosimamia magofu kabla ya kupanda mashua, na usimpandishe mtu juu ya kuta. Ni mawe ya matumbawe, na yameshachoka.

Hatua ya 5: Weka kamera sawa mara moja, kisha usiiguse

Rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo shata hiyo huzuia taa nyingi kumetameta kwenye video. Vipande vya mwendo wa taratibu vipige kwa fremu 50, shata 1/100, na uvipunguze nusu wakati wa kuhariri. Ukishafunga shata hivyo, jua la mchana litaunguza picha. Hapo usipandishe shata, weka kichujio cha ND.

Rangi ya mwanga iweke kwa mkono: kelvini 5600 nje, karibu 3200 chini ya balbu za manjano. Ukiiacha kamera ichague yenyewe, uso wa bibi harusi utabadilika rangi katikati ya hotuba.

Ngozi zetu na shela nyeupe viko katika fremu moja. Pima mwanga kwa uso, kisha tazama shela: nakshi zake zikipotea, shusha kidogo. Uso unaweza kuupandisha baadaye, ila nakshi iliyoungua hairudi.

Hatua ya 6: Sauti

Soma hatua hii mara mbili.

Mwaka mmoja nilishuti harusi kubwa huko Masasi. Nilichomeka kinasa sauti kimoja kwenye mixa ya ukumbi, nikaamini nimemaliza. Mzee wa upande wa mwanamke akasimama, akaongea dakika 12 juu ya jinsi alivyomlea yule binti baada ya mama yake kufariki. Ukumbi mzima ulilia. Nilipofika nyumbani nikakuta ngurumo tupu, kwa sababu sauti ya mixa ilikuwa imepandishwa mno. Mzee yule aliondoka duniani mwaka uliofuata. Familia iliniomba ile hotuba, na sikuwa nayo. Toka siku hiyo sitegemei chanzo kimoja.

Fanya hivi:

1. Kinasa sauti kimoja kiwe mfukoni mwa bwana harusi, maiki ikiwa ndani ya kanzu au chini ya kola ya koti. Kiwashwe kabla hajatoka nyumbani, na kifungwe vitufe.
2. Cha pili kwa anayeozesha. Ongea naye wewe mwenyewe kwa adabu: "Shehe, naomba nikubane maiki hii, nisipoteze maneno yako." Wengi hukubali ukiomba mapema, na hukataa ukiwakimbilia dakika ya mwisho.
3. Cha tatu kwenye mixa, na kingine kidogo kifunge kwa utepe kwenye maiki ya MC. Mixa ikiharibika, hicho cha MC kitakuokoa.
4. Kwenye kipimo cha kinasa, sauti ya juu kabisa isivuke desibeli 12 chini ya sifuri. Watu hupaza sauti wakifurahi.
5. Weka manyoya kwenye maiki zote za nje. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu, na hakuna programu itakayoondoa upepo huo vizuri.
6. Rekodi dakika moja ya ukimya wa kila mahali: uani, msikitini, ukumbini kabla ya watu. Utaishukuru wakati wa kuhariri.

Maiki zisizo na waya hukatika penye watu mamia wenye simu. Nunua aina inayojirekodi yenyewe ndani. Na jenereta: mwombe mwenye ukumbi aisogeze nyuma ya jengo, mapema, kabla haijawashwa.

Hatua ya 7: Asubuhi ya maandalizi

Chumba cha bibi harusi si chako ikiwa wewe ni mwanamume. Mtume msaidizi wako wa kike, umpe orodha fupi: mikono yenye hina, mama akimfunga mkufu, wasichana wakicheka, kanga zilizokunjwa kitandani. Akiingia, ageuze kiti cha mpambaji kitazame dirisha, na azime balbu. Hilo peke yake linabadilisha picha nzima.

Kuna mambo ya unyago na mafundisho ya makungwi yanayoweza kufanyika nyumba hiyo hiyo. Kamera izimwe, na iwekwe chini, si kushushwa kiunoni ikiendelea kurekodi. Mwanamke akikuona umevunja heshima hiyo, jina lako litakwisha kutoka Newala hadi Liwale.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi itapata ukungu. Toa kamera dakika 20 kabla, iache kwenye begi lililofungwa izoee joto.

Hatua ya 8: Ndoa yenyewe

Nikahi haina marudio. Maneno ya kuozesha na kukubali huchukua sekunde chache, na wapiga picha wa simu watajaa mbele yako. Kamera ya kwanza iwe kwenye staendi ya chini, upande, ikitazama mkono wa walii na mkono wa bwana harusi. Ya pili iwe na lenzi ya 85, kwa mbali, ikikaa kwenye uso wa bwana harusi tu. Usiihamishe. Akikosea maneno akarudia, utakuwa nayo. Akitabasamu baada ya kukubali, utakuwa nayo pia. Msaidizi wako wakati huo awe ndani na bibi harusi, akiwa na kamera ya tatu, kwa sababu vigelegele vikipigwa huko, sura yake sekunde ile ndiyo kilele cha filamu yako. Kisha bwana harusi huingia kumpa mkono mkewe: msaidizi abaki pale pale, asitoke.

Msikitini vua viatu, vaa nguo inayofunika vizuri, usipite mbele ya anayeswali.

Kanisani nenda kwa padri au mchungaji mapema umuulize mipaka. Wengi hawataki mtu azunguke madhabahuni. Kamera moja upande wa bwana harusi, moja nyuma katikati, na wewe usitembee wakati wa viapo.

Hatua ya 9: Jioni, maharusi peke yao

Dakika 30 zinatosha ukiwa umejiandaa. Gimbali itumie kwa mizunguko miwili au mitatu tu. Wape kitu cha kufanya: waongee, wamfunge mtoto kiatu, watembee kumfuata mvuvi anayetengeneza nyavu. Ukiwaambia "tabasamuni", wataganda.

Hatua ya 10: Ukumbi

Taa moja ya LED nyuma ya meza kuu, upande, na nyingine mbali ikigonga dari. Usimulike usoni moja kwa moja. Kamera moja ikae imefungwa kwa wazungumzaji muda wote, nyingine izunguke kwa wasikilizaji. Ngoma ikiingia, chuchumaa. Sindimba ikipigwa picha kwa usawa wa kiuno na magoti, vumbi na miguu hujaza fremu, na hapo watu huona nguvu yake.

Hatua ya 11: Nakala, usiku huo huo

Kabla ya kulala, kila kadi inakiliwa kwenye hard disk zote mbili. Disk moja inakwenda kwa mtu mwingine. Kadi hazifutwi hadi video imekabidhiwa.

Hatua ya 12: Kuhariri

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure, nalo linatosha kabisa kuanzia. Usianze na muziki. Sikiliza sauti zote kwanza, andika sentensi tano au sita zilizokugusa, zipange ziwe hadithi, halafu ndipo utafute picha za kuzifunika. Muziki huja mwisho, na uwe wa leseni. Wimbo maarufu bila ruhusa unaweza kufanya video ifungiwe YouTube, na mteja wa bei kubwa hataelewa.

Rangi: sawazisha kamera mbili zifanane, linda ngozi, acha bahari iwe bahari. Usiigeuze ya chungwa.

Mambo yakiharibika

*Taa za mapambo zinametameta ingawa shata ni 1/50.* Jaribu 1/100. Ikikataa, mwombe mpambaji apandishe mwanga wa taa hizo hadi mwisho, maana nyingi humetameta zikipunguzwa.

*Umeme umekatika katikati ya hotuba.* Usisimamishe kurekodi. Washa LED za betri, elekeza ukutani. Sauti inaendelea kuingia kwenye vinasa sauti, na giza lile laweza kuwa sehemu nzuri kuliko zote.

*Sauti na picha zinaachana polepole kwenye video ndefu.* Vinasa sauti vya bei nafuu hukimbia kidogo. Kata sauti kila baada ya dakika 10 kimya kinapotokea, uisogeze kidogo.

*Kadi inasomeka tupu.* Itoe. Usirekodi tena juu yake hata sekunde moja. Tumia programu ya kuokoa mafaili kwenye kompyuta, na ukishindwa mpelekee fundi ikiwa hivyo hivyo.

*Mvua imeharibu jioni.* Kuanzia Desemba hadi Aprili hili litakukuta. Wapeleke barazani, washa taa moja nyuma yao itazame mvua. Matone yataonekana kama nyuzi za fedha, na mara nyingi wateja huchagua picha hiyo iwe ya kwanza.

*Baba wa bibi harusi anataka kipande fulani kiondolewe.* Kiondoe siku hiyo hiyo, kwenye filamu fupi na ndefu, bila kuuliza sababu. Kisha mpigie umwambie, "Nimekitoa, mzee."